Usimsimamishe fundi: niliyojifunza nikirekodi kazi Kangle, Guangzhou

Mwaka 2018, nikiwa mwanafunzi Guangzhou, nilikuwa nakwenda Kangle kila nilipopata nafasi. Ni mtaa wa wilaya ya Haizhu, jirani na soko la vitambaa la Zhongda, uliojaa karakana ndogo za nguo. Nyumba zimebanana hata Wachina wakaziita nyumba za kupeana mikono, dirisha kwa dirisha. Mafundi wengi wametoka mkoa wa Hubei. Nilitaka kurekodi maisha yao ya kazi.

Siku ya kwanza nilimkuta mama mmoja kwenye cherehani nikaanza kumwuliza maswali. Kwa heshima yake kwa mgeni, aliondoa mguu kwenye pedali akanijibu kama dakika ishirini. Baadaye jirani yake akanieleza kwamba pale mtu hulipwa kwa kipande. Nilikuwa nimemlia ujira wake. Mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo, ukitaka kurekodi watu wa kazi, jua kwanza wanalipwaje. Kule Kangle, hilo utalijua barabarani asubuhi. Wenye karakana wanajipanga kandokando, kila mmoja na nguo ya sampuli mkononi. Fundi anaishika, anaigeuza ndani nje, anakagua kola, zipu, mifuko, anapima kichwani itamchukua muda gani, ndipo anauliza bei ya kipande. Haimlipi? Anasogea kwa mwingine. Nilisimama pale asubuhi nyingi bila kuuliza neno, na nikaelewa kuliko katika mahojiano yoyote niliyofanya.

Maswali yaweke wakati wa kula, au wanaposubiri kitambaa kitoke kwa mkataji. Mwite shifu, ni kama sisi tunavyomwita mtu fundi, na huwafungua watu. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na omba tena siku inayofuata.

Kuhusu watoto, usianze wewe. Tangu 1958 kuna hukou, uandikishaji unaomfunga mtu na kwao, na shule ya mtoto mjini huwa ngumu kwa sababu hiyo. Wengi wamewaacha wana wao kijijini kwa bibi na babu. Yule mama alinisimulia habari za binti yake mwezi wa tatu wa kujuana kwetu, usiku, mikono ikiendelea kushona. Kabla hajaanza, aliniomba nizime kinasa. Nikazima.