Madogo wa matangazo, acheni kuhamishia Dodoma pleni za Uingereza

Madogo zangu nawapenda ila mnanichosha. Wiki hii tena nimeletewa pleni ya matangazo iliyonakiliwa Uingereza, ya mteja anayeuza madumu ya mafuta ya alizeti pale Majengo, bajeti karibu yote iko Google, halafu kuna "jarida la barua pepe kila Jumanne". Nani Majengo anafungua barua pepe Jumanne? Haya, kaeni chini.

1. Hakuna foleni ambayo kila nchi imepanga nyuma ya Marekani. Bango la kwanza la mtandaoni lilitoka huko 1994, la AT&T kwenye jarida la mtandaoni HotWired, AdWords, mfumo wa matangazo wa Google, ikaja 2000, na kwa Waingereza nusu ya kwanza ya 2009 tu hela ya matangazo ya mtandaoni ikawa imeipita ya TV. Mnadhani aliye tofauti na hao kachelewa. Japani kachelewa nini? Intaneti kali anayo siku nyingi, lakini mpaka 2021 ndo matangazo ya mtandaoni yakapita TV, redio, magazeti na majarida kwa pamoja, maana magazeti yao yalikuwa na wasomaji kibao na wakala wao mkubwa wa matangazo, Dentsu, walishaikamata biashara ya nafasi za TV toka zamani. Mkorea ana Naver yake ya kutafutia. Uchina bara Google ya kutafutia iliondoka 2010, na muuzaji wa huko analipia tangazo ndani ya Taobao, soko lao la mtandaoni, humo humo mteja anamonunua. Sisi M-Pesa imeingia 2008, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ukafika Dar 2009, yaani hela ilishahamia kwenye simu kabla watu wengi hawajaizoea intaneti. Ndo maana mtu wetu akiona tangazo anapiga, anabishana bei, anatuma kwa lipa namba, kadi ya benki haihusiki kabisa.

2. Fomu. Hapa naungama. Kuna mzee alikuwa anauza viwanja upande wa Ihumwa, enzi zile serikali inahamia huku na kila mtu anataka kiwanja. Mimi nimetoka kwenye kozi ya Waingereza kichwa kimejaa, nikamtengenezea peji yenye video ya droni inayojichezea yenyewe, chini fomu: jina, barua pepe, makadirio ya bajeti. Namba ya simu nikaiondoa makusudi, nilitaka wote wapite kwenye fomu ili ripoti yangu ipendeze. Kiliki zikamiminika, mimi napiga skrinishoti namtumia, "shikamoo mzee, tunaenda vizuri". Fomu zenyewe, moja ilikuwa yangu ya kujaribia, nyingine mtu kwenye sehemu ya jina kaandika "vp bei". Wa bando la siku anaona video inazunguka anafunga, aliyevumilia anakuta hakuna namba, na kwa mtu aliyeshasikia kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili, muuzaji asiyetaka kupigiwa ni tapeli tu. Mzee akaniita, wala hakufoka. "Kijana wangu, hao maelfu wanabofya nini, mbona simu yangu hailii?" Kumbe binti yake kaweka stetasi ya WhatsApp, picha ya bikoni na picha ya hati, kauza viwili wakati mimi napanga rangi za grafu. Hela ya mwezi ule sikuidai, na hata leo nikipita Ihumwa nakaza macho barabarani.

3. Mengine haraka haraka. Tangazo liishie WhatsApp au kwenye kupiga, na awepo mtu wa kupokea. Picha nyepesi. Msinitishe na bei ya London ya kila kiliki ya tangazo la Google, ile ni bei ya mnada, kule mabenki na kampuni za bima zinagombania neno moja, wewe unashindana na nani kwenye "mafuta ya alizeti Dodoma"? Kwa watumishi wa mji wa serikali wa Mtumba ongeza hela mshahara ukitoka, kwa wakulima wa Kongwa subiri wauze mavuno. Na bei iandikwe kwenye tangazo, mambo ya "bei njoo inboksi" kwenye kampeni yangu sitaki, na atakayeniletea tena namrudisha kuprinti vipeperushi.