Kuidai serikali fidia baada ya kupigwa na mkebe wa vitoa machozi

Pole kwa yaliyompata shemeji yako. Umeuliza kama anaweza kuidai serikali fidia ya mguu uliovunjwa na mkebe wa vitoa machozi, pamoja na vioo vya duka lake, na yeye hakuwa hata kwenye maandamano. Anaweza. Hata angekuwa anaandamana angeweza, maana Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinaruhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Nimefuatilia kesi ya mdogo wangu ya namna hiyohiyo, kwa hiyo nasema niliyoyaona kortini.

Ubishi hautakuwa kama aliumia, utakuwa aliumizwa na nini. Wakili wa serikali alishikilia kwamba mdogo wangu alipigwa jiwe na wenzake. Kilichotuokoa ni P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Kuna mahali daktari hujaza aina ya silaha inayodhaniwa kutumika, na wengi huandika "kifaa butu" wakafunga kazi. Wetu alieleza: muundi umevunjika, na ngozi kandokando ya kidonda imeungua. Mkebe ule huwa moto. Jiwe halichomi mtu. Shemeji yako ahakikishe daktari ameandika kila alichokiona. Kama mkebe upo, aupige picha kwa karibu, maandishi ya ubavuni yasomeke.

Namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) ni lazima. Kituoni watakuzungusha (sisi tuliambiwa mwenye kitabu ameenda kula, mpaka giza likaingia). Peleka malalamiko pia IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ni bure. Wao huchunguza na kupendekeza, ila hawalipi mtu.

Kesi ya madhara dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12. Ukichelewa, kuna ombi la kikatiba chini ya Kifungu cha 23, lakini jaji atakuuliza ulikuwa wapi siku zote. Anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu, kwa hiyo kutolijua jina la askari aliyefyatua hakuiui kesi.

Kuhusu vioo, tafuta risiti. Maumivu mahakama huyakadiria; hasara ya mali lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe shilingi kwa shilingi.

Sasa, kushinda si kulipwa. Sheria hairuhusu kutuma dalali akamate mali ya serikali. Unachukua cheti cha amri (hati ya korti inayoonyesha serikali inadaiwa kiasi gani), unawapelekea Mwanasheria Mkuu na wizara, na wakinyamaza unarudi kortini kuomba katibu wa wizara alazimishwe kulipa. Sisi tuko hapo. Asingoje pia jopo la fidia kwa waathiriwa wa maandamano alilounda Rais Agosti 2025. Mwezi uliofuata tu Mahakama Kuu ya Kerugoya ililisimamisha.

Alipigwa tarehe ngapi, na P3 imeshajazwa? Nijibu hayo kwanza kabla hamjaenda kwa wakili.