Ukichora nyota jitu, anza na punje ya mtama

Shule moja ya msingi huku Eastlands, Nairobi, ilinipa ukuta niuchoree anga: mita 7 kwa urefu, mita 3 kwenda juu. Nikaweka Zohali na pete zake katikati, Mshtarii upande mmoja, na kwenye kona Betelgeuse, ile nyota ya bega la Jabari, kundi la nyota ambalo Waingereza huliita Orion. Niliichora duara jekundu la damu, ukingo wake nikaukata kwa kamba na msumari, ndimi za moto zikitoka pande zote. Siku ya kukabidhi kazi, msichana wa Gredi ya 4 alisimama mbele yake kwa muda, kisha akaniuliza, "Anko, hii ni kubwa kushinda jua?"

Nikamwambia ndiyo, kubwa sana.

"Sasa mbona ni ndogo kushinda hiyo ya pete?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na swali lake, nikaanza kusoma na kuangalia upya. Niliyoyapata nayaweka hapa kwa yeyote aliyepewa ukuta, bango la kongamano la sayansi au jalada la kitabu cha watoto.

Anza na ukubwa. Wanaastronomia wengi huweka upana wa Betelgeuse kati ya mara 600 na mara 1,000 ya upana wa jua letu. Ingewekwa mahali pa jua, ingemeza Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi. Lakini maneno hayo hayamsaidii mchoraji mpaka ayapime kwa kitu anachoweza kukishika. Mimi hutumia mtama. Punje ina milimita 4 hivi. Ikiwa punje hiyo ndiyo jua, basi Betelgeuse ina mita 3, yaani ukuta wangu wote kutoka sakafuni hadi kwenye mabati. Kwa hiyo usiibane kwenye kona. Iache itoke nje ya ukuta, uchore mkunjo wake tu, na jua uliweke karibu nayo. Jicho la mtazamaji litaimalizia sehemu iliyobaki.

La pili ni ukingo, na hapa ndipo wengi wetu tunakosea, kwa sababu tumezoea kuchora jua kama sahani. Nyota jitu jekundu ni kitu chepesi mno. Ukichukua uzito wa Betelgeuse ukaugawanya katika ukubwa wake, unapata gesi nyembamba maelfu ya mara kuliko hewa tunayovuta. Huwezi kuonyesha kwa kidole kwamba hapa ndipo nyota inapoishia. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya hata vipimo vyake vitofautiane, tangu wanasayansi Michelson na Pease walipoipima mara ya kwanza mwaka 1920 kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson, Marekani. Basi weka kamba na msumari kando. Chukua sponji yenye unyevu, uipigepige rangi taratibu ukielekea nje mpaka ipotelee kwenye weusi.

Sura ya uso wake nilifundishwa na sufuria ya uji. Maji yakichemka hutoa viputo vidogo vingi, huwezi kuvihesabu. Jua liko hivyo: uso wake umejaa chembechembe mamilioni, kila moja yapata kilomita 1,000 kwa upana. Lakini uji ukishakuwa mzito, viputo vinakuwa vichache na vikubwa. Kimoja kinavimba hapa, kinapasuka, kingine kinainuka kule polepole. Nyota jitu inachemka namna hiyo. Mabonge yake ya gesi ya moto ni machache na ni makubwa ajabu, ndiyo maana uso wake una mabaka na hata umbo lake si duara kamili. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 Betelgeuse ilififia mpaka watu wakaiona tofauti hiyo kwa macho matupu. Darubini kubwa ya ESO, shirika la Ulaya la kuchunguza nyota, kule Chile ikaonyesha nusu yake ya kusini imefifia. Nyota ilikuwa imetema gesi, ikapoa, ikawa vumbi lililotuzibia mwanga. Baka la namna hiyo lichore bila woga.

Kuhusu rangi, angalia jiko kabla ya kufungua kopo. Mkaa ulioshika vizuri una joto la nyuzi 1,000 hivi, nao ni mwekundu kweli. Uso wa Betelgeuse una zaidi ya nyuzi 3,000, juu kuliko waya wa zile balbu za zamani zenye mwanga wa manjano. Kwa hiyo hiyo tunayoiita nyota nyekundu, ukiisogelea, ni ya rangi ya chungwa inayoelekea manjano. Katikati weka manjano na chungwa, kisha kadiri unavyokwenda pembeni punguza mwanga, na damu ya mzee uiache mwisho kabisa, kidogo tu.

Na tafadhali andika chini: "mchoro wa msanii". Picha za wasanii huzunguka kwenye WhatsApp zikiitwa picha za darubini, na mtoto anayeamini hivyo akija kuona picha halisi ya Betelgeuse iliyopigwa na Hubble, darubini iliyoko angani, mwaka 1995, kibaka chenye ukungu, anadhani amedanganywa. Kumbe kibaka kile ni mojawapo ya picha za mwanzo kabisa za uso wa nyota isiyo jua letu, na mimi nakiona kizuri kuliko michoro mingi.

Kabla ya yote, itazame yenyewe. Kati ya Disemba na Machi, jioni stima zikipotea mtaani, panda juu ya ploti penye matangi ya maji na kamba za nguo. Tafuta zile nyota tatu za Jabari zilizopangana mstari. Upande mmoja kuna Betelgeuse ya chungwa, upande wa pili Rijili nyeupe yenye ubuluu. Tazama moja, kisha nyingine, mpaka tofauti yao ikukae machoni.

Nilirudi shuleni Februari nikaupaka ukuta upya. Jua sikulichora. Nilibandika punje ya mtama ya kweli kwa gundi, kwenye kimo cha macho ya mtoto. Imeng'olewa mara mbili tayari, kwa kuguswaguswa, na mwalimu wa sayansi sasa ana kikopo cha mtama kwenye dawati lake.