Macleod hayumo

La, Mzee wenu wa baraza ya Mkunguni amekosea kusema Macleod ni mmoja wa walioandika makala za kwanza za kisayansi kuhusu insulini, dawa ya kisukari. Makala ya kwanza ya insulini, ya Februari 1922, ina majina mawili tu ya waandishi: watafiti Banting na Best. Ile ya Machi mwaka huohuo, iliyoeleza wagonjwa wa kisukari waliotibiwa Toronto, Kanada, ina matano: Banting, Best, Collip, Campbell na Fletcher. Macleod hayumo hapo pia, ingawa maabara ilikuwa chini yake. Jina lake lilikuja kuingia kwenye makala za baadaye za kundi lile.

Nafundisha biolojia hapa Malindi, na ile ya Machi iko mtandaoni bure, unaifungua hata kwa simu.

Nadhani anachanganya na Tuzo ya Nobel ya 1923. Hiyo ndiyo walipewa Banting na Macleod, Best akaachwa nje. Banting alikasirika hasa, akamgawia Best nusu ya fedha zake; Macleod naye akagawana na Collip. Kwa hiyo ukihesabu tuzo, Mzee ana haki. Ukihesabu makala, hana. (Na sinia ya halua isogezeni mbali naye kwanza.)