Kwa vijana wanaoanza kupima homa ya mgunda (leptospirosis) mtaani

Wadogo zangu, mmerudi kutoka machinjio ya Vingunguti, nikafungua ripoti, nikakuta kila penye jibu chanya la kipimo cha damu mmeandika "mgonjwa". Tuelewane kabla hatujaingia mtaa wa Jangwani.

1. Kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza ukikutana na vimelea, si ugonjwa. Damu ya mchinjaji ikiwa nazo, inasema leptospira, bakteria wa homa ya mgunda, walishapita mwilini mwake. Haisemi walipita lini, wala kama leo anaumwa. Nalisisitiza kwa sababu nimeona madhara yake. Mwaka 2022, baada ya mlipuko wa homa hii Ruangwa, Lindi, redio zikitaja vifo vitatu, kijana wa timu yetu alimwambia mama muuza utumbo mbele ya wenzake: "Majibu yametoka, una homa ya mgunda." Mama hakuwa hata na joto. Kufikia jioni wateja walikuwa wanaikwepa meza yake. Tulirudi na mwenyekiti wa mtaa, tukapita meza kwa meza tukieleza kwamba vimelea hutoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, vikakaa kwenye maji na tope. Huupati ugonjwa kwa kupokea chenji. Watu waliitikia, lakini wateja hawakurudi upesi. Mama akatuambia, "Wanangu, damu niliwapa mimi, jina langu mkalimwaga nyinyi." Tulimkosea, na msamaha tulioomba haukujaza beseni lake.

Kwa hiyo majibu ni faraghani, na maneno ni haya: "Mwili wako umewahi kukutana na vimelea hivi." Mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kisha achukuliwe sampuli ya pili baada ya wiki mbili hivi. Kingamwili zikipanda mara nne au zaidi, hapo semeni ugonjwa.

2. Kubalianeni mpaka wa chanya kabla ya kugusa hadubini. Huyu anasomea 1:100 (seramu iliyozimuliwa mara 100), yule 1:160, halafu mnalinganisha mitaa! Na kwenye paneli, yaani seti ya bakteria mnaowajaribu na seramu, wawemo wa hapa nyumbani, kama aina ya leptospira iitwayo Sokoine.

3. Seramu, yale maji ya damu yenye kingamwili, itenganishwe mapema. Boksi la barafu lisipikwe kwenye buti la gari, foleni ya Barabara ya Mandela.

4. Msiulize "unagusa mkojo wa panya?" Nani atakubali? Ulizeni anavaa nini miguuni akiosha sakafu, unga anauweka wapi, Mto Msimbazi ulipofurika maji yalifika wapi. Mzee mmoja alituonyesha mstari wa tope ukutani, juu ya kitasa cha mlango, akasema aliyazoa matope yote pekupeku, na kisigino kina mpasuko. Dodoso lilikuwa na ndiyo na hapana tu. Andikeni pembeni ya fomu, nitasoma.