Ukienda Maskati, anzia Muttrah na uamke mapema

Watu wengi siku hizi wakipata safari ya Oman, iwe wanaenda kuona ndugu au wamepata masaa mengi ya kusubiri kuunga ndege, ninachoona wanafanya ni kukimbilia moli, wanapiga picha mbele ya maduka ya manukato alafu wanarudi nyumbani wanasema Maskati ni kama Dubai tu ila imepoa. Inaniuma kwa kweli. Ule mji una bandari ya zamani ambayo historia yake imefungamana na Unguja, Mombasa na Lamu kuliko miji mingi tunayoisoma shuleni, na kuitembea haihitaji pesa nyingi, inahitaji miguu na kujua saa ya kutoka ndani. Mimi nina shangazi yangu anaishi kule miaka mingi sasa, naenda kila nikipata nafasi, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyatembea mwenyewe.

Kwanza uelewe kwamba Maskati sio mji mmoja uliojikusanya. Umenyooka pembeni ya bahari na milima imeingia katikati, eapoti iko huku Seeb, Ruwi ndio penye mabenki, stendi ya mabasi na hoteli za bei ya kawaida, Muttrah ndio bandari ya biashara ya zamani, na ukipita Muttrah kwa mbele ndio unafika Maskati yenyewe ya kale, ile yenye ikulu na ngome. Sasa mtu akichukua hoteli huko karibu na eapoti kwa sababu ni rahisi, kila siku anakula hela ya teksi kwenda na kurudi. Lala Ruwi au Muttrah penyewe. Kutoka Ruwi kuna mabasi ya Mwasalat yanashuka hadi Muttrah na bei yake ni ndogo sana, na teksi ni bora uite kwa apu ili bei uione kabla hujapanda.

Amka alfajiri, ukishaswali au ukishakunywa chai yako nenda moja kwa moja soko la samaki la Muttrah. Jengo lenyewe ni jipya, lilifunguliwa 2017, lina paa jeupe la vyuma limepinda pinda na kivuli chake kinatembea sakafuni jua linavyopanda, lakini biashara ni ileile ya miaka yote. Utakuta nguru wamepangwa kwenye meza, jodari wakubwa mpaka mtu anawabeba begani, papa, changu, ngisi, na pembeni kuna sehemu ya wakataji ambao unawapelekea samaki wako wanamparua na kumkata vipande kwa kasi ambayo inabidi usimame uangalie. Angalia wanavyomchagua nguru: mzee mmoja alifunua shavu, akaangalia wekundu wa matamvua, akabonyeza tumbo kwa kidole gumba akasubiri nyama irudi, ndio akauliza bei. Vilevile kabisa wanavyofanya Feri pale Dar. Hata kama hununui, nenda, ila usichelewe, saa nne asubuhi mambo mengi yamekwisha.

Ukitoka sokoni tembea ile barabara ya pembeni ya bahari wanayoiita Corniche. Bandari yenyewe, Port Sultan Qaboos, ilikuwa ya mizigo mpaka 2014 ambapo shughuli za makontena zikahamishiwa bandari ya Sohar, kwa hiyo sasa hivi utaona zaidi meli kubwa za watalii. Zile nyumba nyeupe zenye roshani za mbao zinazoangalia bahari ni za mtaa wa Lawatia, jamii ya wafanyabiashara wa zamani, unaitwa Sur al Lawatia, mtaa wenye ukuta wake na geti lake. Hapa naomba tuwe na adabu: ni makazi ya watu, na tangu zamani hawakuwa wakipenda wageni wapite pite mle ndani. Piga picha kutoka barabarani inatosha, geti lisikuvutie ukaingia na simu mkononi. Mbele yake juu ya jabali kuna ngome ya Muttrah, ngazi zake ni kali kidogo lakini juu kule unaona bandari nzima, soko, misikiti na milima ya nyuma kwa mpigo mmoja.

Lile soko la zamani la vichochoro, sio la samaki, wanaloliita suki la Muttrah, nenda jioni. Mchana kuanzia saa saba hivi maduka yanafungwa watu wanapumzika mpaka saa kumi na kitu, na Ijumaa asubuhi usijisumbue kabisa. Maduka ya mbele mbele ni ya watalii, kuna mashali ya kashmiri na vinyago ambavyo havijatoka Oman, pita. Ingia ndani zaidi, kata kulia kata kushoto, utafika kwa wauza vitu vya madini ya fedha wenye majambia na bangili za kizamani, wauza kofia, na wauza ubani. Kwenye ubani ndio nataka ukae.

Ubani wa Oman unatoka Dhofar, kusini kule upande wa Salalah, wanakwangua gamba la mti utomvu unatoka unakauka unakuwa vijiwe. Bei zinatofautiana sana na muuzaji akiona hujui atakupa wowote. Kuna duka moja la mzee niliyeingia nikamwambia shikamoo kwa sababu nilimsikia anaongea Kiswahili kwenye simu, akaitikia marahaba mwanangu, umetoka wapi, nikamwambia Dar, basi akaweka simu chini akanitolea vikombe vitatu. Wa kwanza wa rangi ya kahawia wenye vumbi na vipande vya magamba, akasema huu wa kufukiza msalani na kufukuza mbu. Wa pili wa njano. Wa tatu vijiwe vikubwa vyeupe vinavyoelekea kijani kibichi, unaona mwanga unapita ndani, akasema huu ndio hojari, huu unauloweka kwenye maji usiku asubuhi unakunywa. Akaweka kijiwe kimoja kwenye chetezo juu ya mkaa, harufu ikatoka kama ya ndimu. Kwa hiyo na wewe fanya hivyo: omba kuonyeshwa zote tatu, omba kijiwe kimoja kichomwe mbele yako, nunua wenye rangi ya kijani usio na vumbi, na nunua kidogo kidogo kwanza.

Na hilo la shikamoo sio la mapambo. Kiswahili kule kinatembea. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar 1964 wengi wenye asili ya Oman walikimbia, na Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga, wakarudi na lugha, na mandazi, na kachori, na kanga. Kwa hiyo ofisini, hospitali, sokoni, usishangae mama wa makamo kwa abaya yake akakugeukia na kukuuliza kwa Kiunguja kilichonyooka umeshakula. Salimia watu, wengi wana hamu na habari za kwetu, na anayejibu atakuonyesha mishikaki mizuri iko kona gani kuliko simu yako itakavyokuonyesha.

Kutoka Muttrah mpaka Maskati ya kale ni kilomita kama tatu kwa kufuata bahari, unapita chini ya ule mnara mkubwa mweupe wa umbo la chetezo pale Riyam, uliojengwa juu ya jabali. Tembea jua likiwa limelala. Ukifika utaona ikulu ya Al Alam yenye nguzo za bluu na dhahabu, haiingiliki lakini unaruhusiwa kupiga picha getini, na kulia na kushoto kwake juu ya mawe zimekaa ngome mbili, Jalali na Mirani. Wareno waliuteka mji huu 1507 na hizo ngome walizijenga kwenye miaka ya 1580. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa watawala wa Yaariba akawatoa. Sasa hapa ndipo mtu wa pwani anapotakiwa kusimama kidogo, maana Waomani hawakuishia pale, waliwafuata Wareno mpaka kwetu, wakaizingira Fort Jesus ya Mombasa kuanzia 1696 ikaanguka 1698. Mimi niliiona Fort Jesus kwanza nikiwa shule, miaka mingi baadaye ndio nikasimama chini ya Mirani nikaangalia ule ukuta, ni watu walewale wa enzi ileile na vita ileile. Hakuna kitabu kilichonielewesha kama kusimama pale.

Kwa hiyo usiache Makumbusho ya Taifa, ambayo iko palepale ukiipa ikulu uso, ilifunguliwa 2016. Tenga nusu siku. Sehemu ya mambo ya bahari ndiyo ya kwetu zaidi, kuna mifano ya vyombo na utaona jinsi Seyyid Said bin Sultan alivyotawala pande mbili za bahari mpaka akahamishia makao yake Unguja, na alivyofariki 1856 wanawe wakagawana, mmoja Maskati mmoja Zanzibar.

Msikiti mkuu wa Sultan Qaboos uko mbali na huku, uliofunguliwa 2001, na zulia lake la mita kama 70 kwa 60 ni kitu cha kuona kwa macho. Asiye Mwislamu anaingia asubuhi tu, saa mbili hadi saa tano, Ijumaa hapana. Akina dada mfunike kichwa, mikono na miguu, na wanaume kaptula acheni hotelini.

Hali ya hewa sasa. Mei mpaka Septemba usiende kwa ajili ya kutembea, Juni joto linapita nyuzi 40 na usiku bahari inatoa unyevu unaokulowesha ukiwa umesimama tu. Novemba hadi Februari ndio raha. Pesa yao ni nzito, riyali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu na imegawanywa baisa 1000, kwa hiyo mtu akikwambia mia tano uliza mia tano nini kabla ya kufurahi. Tembea na noti ndogo.

Na kama umebaki na siku mbili usizitumie moli, panda basi la kwenda Sur, kama kilomita 200 kufuata pwani. Ndiko walikotoka mabaharia wengi waliokuja na kaskazi kwetu na kurudi na kusi. Kuna jahazi la Fatah al Khair limewekwa nchi kavu, liliundwa hapohapo, na kuna karakana ambako mafundi bado wanaunda vyombo vya mbao. Fika asubuhi kabla ya jua kali, toa salamu, omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na ukimkuta fundi mzee muulize kama babake aliwahi kushuka Mombasa au Unguja.