Maswali na Majibu: Begi la Mwanafunzi Anayekwenda Ng'ambo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na barua za ufadhili zikianza kufika hapa Kigoma, maswali ninayoletewa kuhusu vyuo hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na maswali ya nguo. Nimechagua machache ambayo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kasulu. Nimepata ufadhili wa kusoma uhandisi Harbin, China, kwa miaka minne, na ninasafiri mwishoni mwa Agosti. Kaka yangu anasisitiza ninunue makoti matatu mazito kabla sijaondoka. Je, ana haki?*

Marahaba mwanangu, na hongera. Kaka yako anakupenda, lakini katika hili usimsikilize. Utafika Harbin mwanzoni mwa Septemba, wakati ambapo mchana shati na sweta jepesi vinatosha, na baridi ya kweli itaanza kubisha hodi mwishoni mwa Oktoba. Una majuma kadhaa ya kununua koti hukohuko, katika maduka ambayo kazi yake ni kuwavika watu wanaoishi kwenye baridi hiyo, tena ukiwa umeshaona wenyeji wanavaa nini. Koti la manyoya laini ya bata linalouzwa Harbin limetengenezwa kwa ajili ya Harbin. Koti utakalolibeba kutoka huku limechaguliwa na kaka yako.

Najua watu wa Kasulu mna tabia ya kutucheka sisi wa mjini huku ziwani, mkisema baridi mnaijua. Mnachokijua ninyi ni ubaridi wa milimani. Harbin mwezi Januari wastani wa joto ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na usiku hushuka kupita 25 chini ya sifuri. Hapo simu iliyo mkononi huzimika ghafla ijapokuwa ina chaji, na ndiyo maana wenyeji huiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba baridi ya namna hiyo haishindwi kwa nguo moja nzito, bali kwa nguo kadhaa zilizopangwa. Nguo ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya sufu au ya poliesta, yenye mikono mirefu na ya kubana kiasi, pamoja na suruali yake ya ndani. Isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukaa na unyevu, na mwili wenye unyevu hupoa haraka kuliko mwili mkavu. Ya pili ni sweta, ambalo kazi yake ni kushika hewa, kwani hewa iliyotulia katikati ya nguo ndiyo hasa inayokutia joto. Ya tatu ni koti linalozuia upepo. Faida ya mpangilio huu utaiona ukiingia darasani, maana majengo ya kaskazini mwa China hupashwa joto majira yote ya baridi, na ndani utakuta wenzako wamebaki na mashati. Mwenye koti moja zito juu ya fulana atatoka jasho ndani, kisha atatoka nje na jasho lake, na hapo ndipo baridi inapompata.

Viatu ndivyo vinavyostahili wasiwasi wako. Ikiwa mguu wako unazidi namba 44, nunua viatu viwili vizuri kabla hujaondoka, kwa sababu namba kubwa ni shida kupatikana katika maduka mengi ya China. Buti za barafu utazinunua hukohuko pale zinapopatikana, lakini zipime ukiwa umevaa soksi nene, na kidole gumba kipate nafasi ya kucheza. Kiatu kinachobana huzuia damu na huondoa ile hewa niliyoitaja, hata soksi mbili zikawa baridi kuliko moja. Tazama pia soli iwe na mikunjo mirefu. Mimi nilianguka mara tatu katika wiki ya kwanza ya theluji mjini Moscow, mwaka 1986, mara zote mbele ya watu, nikiwa nimevaa viatu vya ngozi vyenye soli laini ambavyo baba alivinunua kwa fahari kubwa.

Kwa hiyo fungasha nguo za wiki mbili tu: suruali tatu, mashati manne au matano, sweta moja, jaketi moja la upepo, na nguo za ndani za kutosha. Fedha za makoti matatu zibebe zikiwa fedha.

*Salaam, Mwalimu mwenzangu. Kijana wetu naye anakwenda China, ila yeye ni Wuhan, ambako tunaambiwa ni kusini na hakuna baridi kali. Tumeona tusihangaike na nguo nzito. Mzazi, Mwanga.*

Ndugu yangu, hangaikeni kidogo. Ni kweli kwamba Wuhan si Harbin. Januari wastani wake ni nyuzi joto chache juu ya sifuri, na theluji huonekana kwa nadra. Lakini China iligawanywa tangu miaka ya 1950 kwa mstari unaofuata Mto Huai na safu ya milima ya Qinling: kaskazini ya mstari huo serikali ilijenga mitambo ya kupasha joto nyumba za mji mzima kwa pamoja, na kusini haikujenga. Beijing, kwa mfano, mabomba huwashwa tarehe 15 Novemba na kuzimwa tarehe 15 Machi. Wuhan iko upande wa pili wa mstari. Matokeo yake ni kichekesho ambacho vijana wetu hukigundua wakiwa kitandani: mwanafunzi wa Harbin analala na fulana, wa Wuhan analala na sweta, soksi na kofia, kwa sababu baridi ya huko ni ya unyevunyevu na inaingia naye chumbani.

Kijana achukue nguo za ndani za sufu au poliesta, sweta mbili na suruali nene ya kulalia. Koti la wastani litamtosha. Na asisahau mashati mepesi, maana mwezi wa Julai Wuhan ni joto la kutokwa jasho umekaa, na joto hilo hupita la Kigoma.

*Mwalimu, shikamoo. Je, ni busara kununua nguo za baridi kwenye mitumba ya hapa Kigoma, au ni kujidhalilisha ugenini?*

Marahaba. Sioni udhalilishaji wowote. Makoti yaliyomo kwenye marobota yalitoka nchi hizohizo za baridi, na hapa huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu moja tu, kwamba hakuna anayeyahitaji. Ukienda asubuhi wakati robota linafunguliwa unaweza kupata koti ambalo likiwa jipya lingekugharimu posho ya mwezi mzima.

Ila ujue kuchagua. Usidanganywe na uzito, kwa sababu koti zito mara nyingi ni kitambaa kingi tu. Weka mdomo kwenye kitambaa cha nje na upulize kwa nguvu: pumzi yako ikipenya ukaihisi kwa mkono upande wa bitana, upepo nao utapenya. Likiwa la manyoya ya bata, lifinye kisha uliachie. Likirudi na kujaa upesi, manyoya yangali hai, na ukikuta yamekusanyika mabonge pembeni, liache. Fungua na kufunga zipu mara tano. Tazama vikwapa na bitana ya mfukoni, maana huko ndiko uzee wa koti hujificha. Kisha livae, nyoosha mikono mbele, uone kama kifundo cha mkono kinabaki wazi; sentimita mbili za ngozi hapo zinatosha kuharibu kazi ya koti zima.

Nguo za ndani na soksi, hata hivyo, nunua mpya.

*Assalamu alaykum. Binti yangu, mwenyeji wa Ujiji, amepata nafasi ya kusoma uuguzi Ufaransa. Anavaa hijabu, na baadhi ya siku nikabu. Tunasikia mengi. Tufungashe nini?*

Wa alaykumu salaam, mama yangu. Mnasikia mengi kwa sababu sheria zilizopo huko ni zaidi ya moja na watu huzichanganya. Ya kwanza, ya mwaka 2004, inakataza alama za wazi za dini kwa wanafunzi wa shule za serikali za msingi na sekondari, na haiwahusu wanafunzi wa vyuo vikuu. Katika mihadhara ya chuo kikuu binti atavaa hijabu yake. Ya pili ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Aprili 11, 2011, nayo inakataza kufunika uso mahali pa umma, pamoja na barabarani na kwenye treni. Anayeikiuka anaweza kutozwa faini inayofikia yuro 150. Kwa hiyo nikabu ibaki nyumbani Ujiji.

Lakini kwa kuwa ni uuguzi, kuna jambo la tatu ambalo ni bora mlizungumze sasa, kabla ya kupanga hata kanga moja. Mwanafunzi anapofanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya umma huhesabiwa kama mhudumu wa umma, na wahudumu wa umma wa Ufaransa hawaruhusiwi kuonyesha dini yao kwa mavazi wakiwa kazini. Maana yake ni kwamba wodini hijabu itakuwa mgogoro, na mgogoro huo hautamalizwa na ukubwa wa begi. Aandikie chuo aulize kwa maneno ya wazi wanafunzi wengine wamefanyaje, kisha aamue akiwa na baba na mama yake karibu.

Akiamua kwenda, achukue hijabu nyepesi kadhaa na mbili za kitambaa kizito, ambazo wakati wa baridi zitamfaa kuliko skafu. Madera marefu ya kuvaa na taiti za sufu ndani. Na kanga doti mbili. Sizungumzii mapambo. Kanga ni taulo linalokauka upesi, ni vazi la kutoka bafuni katika bweni ambalo bafu ni la pamoja, ni pazia, ni shuka, na ni nguo ya sala. Sijawahi kuona mwanafunzi wa kike aliyerudi akilalamika kwamba alibeba kanga nyingi.

*Baba anataka kunishonea suti tatu. Mimi naona mbili zinatosha. Naenda Pune, India.*

Moja. Suti moja nyeusi au ya rangi ya bluu iliyoiva, na shati la kitenge lililoshonwa vizuri, kwa ajili ya siku ambayo wanafunzi wa kila nchi wataambiwa waje na vazi la kwao. Siku hiyo hufika kila mahali, na asiye na kitenge huazima. Sisi wa Kigoma, tunaoletewa vitenge kutoka ng'ambo ya ziwa, tukiazima itakuwa aibu ya pekee. Kwa siku nyingine beba nguo za pamba, na mwavuli utaununua huko kabla ya masika yao, ambayo huanza Juni.

*Mwalimu, mpwa wangu anakwenda Debrecen, Hungaria. Tungependa kumfungashia dagaa, mawese, asali na samli pamoja na nguo zake. Inaruhusiwa? Mjomba, Uvinza.*

Ndugu Mjomba, samli itoe. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ni maziwa. Nyama iliyokaushwa nayo ibaki. Samaki wana sheria yao, na dagaa wakavu wa kula mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20, ingawa ukimbebesha kilo 20 za dagaa atavaa nini? Asali ni hadi kilo mbili. Dagaa wawekwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko unaobana, si karatasi, kwa sababu harufu ya dagaa ikishaingia kwenye sweta la sufu haitoki kwa kufua mara moja.

Mawese ni mafuta ya mmea, na hayamo katika katazo hilo. Hata hivyo nina kisa nayo. Mama alinifungia mawese katika chupa ya soda, akaizungushia nailoni na kamba ya katani, akaiweka katikati ya nguo "ili isivunjike." Haikuvunjika, ilivuja. Mawese ya Kigoma huondoka nyumbani yakiwa maji kwa joto letu, na hupenya mahali ambapo maji yangeshindwa. Nilipofungua sanduku yalikuwa yameganda kwa ubaridi, yakiwa yamekwisha kunywewa na shati langu jeupe la pekee, lile la kuvaa siku ya kupokewa. Nilihudhuria hafla ile nimefunga koti hadi shingoni, ndani ya ukumbi wenye joto, na kila aliyeniona alinihurumia akidhani ninasikia baridi.

Chombo kiwe cha mdomo mpana, kisijazwe hadi juu, kifungwe ndani ya mifuko miwili, na kikae kwenye begi la viatu.

*Ninasafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, kisha ndege hadi Guangzhou, kisha ndege ya ndani. Nimefungasha begi moja la magurudumu na shangazi kaja moja. Kuna tatizo?*

Kwenye treni hakuna tatizo. Kwenye ndege, shangazi kaja hupasuka zipu, na wafanyakazi wa uwanja hawatashona. Tafuta begi la pili, hata la mtumba. Mashirika mengi huweka kikomo cha kilo 23 kwa begi, na jumla ya urefu, upana na kina isizidi sentimita 158. Soma tikiti yako kwa kila hatua ya safari, kwa sababu ndege ya ndani inaweza kuruhusu pungufu ya ile ya kimataifa.

Pawa benki haiwekwi kwenye begi kubwa kabisa. Ibebe mkononi, na isizidi wati-saa 100, kiasi ambacho ya miliampia-saa 20,000 haikifikii. Tena tangu Juni 28, 2025, ndege za ndani za China hazipokei pawa benki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa, hivyo ya kwako unaweza kunyang'anywa Guangzhou baada ya kuvuka bahari nayo salama. Begi hilohilo la mkononi libebe pasi ya kusafiria, vyeti halisi, barua ya chuo, dawa, sweta, na nguo kamili ya kubadilisha, ili mabegi makubwa yakichelewa siku mbili uweze kwenda kujiandikisha ukiwa nadhifu.

Na kabla ya kupanda treni, nenda dukani au Kibirizi kwa wauza dagaa, uwaombe mzani. Kilo zilizozidi ni afadhali uzitoe mbele ya mama yako, naye atajua wa kumpa hizo nguo.